Mpima pamba anayeamua mechi za roboti

Saa tatu asubuhi, Eunice Magesa amepiga magoti kando ya meza pana ya mbao, katika ukumbi wa shule moja mjini Musoma. Filimbi iko mdomoni, kalamu iko sikioni. Roboti ya wanafunzi wa Butiama inakwama katikati ya meza, na mkono wa mtoto unaifuata.

Filimbi inalia.

"Ikishavuka mstari wa kuanzia haiguswi. Pointi kumi zinatoka," anasema, kisha anarudia maneno yaleyale akimtazama nahodha. "Umesikia? Andika na wewe."

Kanuni hazimtaki arudie. Hiyo ni desturi ya kazini kwake. Eunice, mwenye miaka 41, hupima pamba katika chama cha ushirika huko Bunda, huu ukiwa msimu wa kumi na moja.

"Nasoma kilo mara mbili, mkulima anarudia, ndipo naandika. Bila hivyo anaondokaga na shaka," anasema.

Miaka minne iliyopita, mwalimu mmoja alimkuta akitengeneza mzani wa kidijitali uliokufa, akamwomba awe refa wa mashindano ya roboti ya shule. Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza, kurasa thelathini. Alikisoma kwa kamusi, miezi miwili. Posho yake ni shilingi elfu kumi na tano kwa siku, nauli ikiwa humohumo.

Mwaka jana nusura aiache kazi hiyo.

Ilikuwa siku ya fainali, na mshindi alikuwa anakwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda. Asubuhi, Clever, nahodha wa timu ya Kibara, aligusa roboti nje ya mstari. Aliurudisha mkono haraka, akaomba radhi. Eunice alimwonya tu. Alasiri, Selestina wa timu ya Kigera akafanya kosa lilelile, naye Eunice akamkata kumi.

"Madam, mbona Clever hukumkata?" Selestina aliuliza, bila ukali.

"Swali lilikuwa la haki," Eunice anakumbuka. "Na Kibara ndiko nilikozaliwa."

Karatasi za matokeo zilikuwa hazijasainiwa. Alisimamisha mechi, akaita walimu, akasoma kosa lake mwenyewe kwa sauti, mara mbili.

"Si uwasamehe wote wawili, dada?" akaomba Mwalimu Revocatus wa Kibara.

"Na Butiama niliowakata tangu mechi ya kwanza, Mwalimu?"

Kibara, waliokuwa wakiongoza kwa pointi tano, wakakatwa kumi, wakashindwa kwa tano.

Alipokwenda nyumbani Kibara wakati wa Krismasi, shangazi yake alimsalimia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, kama mgeni aliyeuliza njia. "Hilo liliniuma kuliko matusi ya wazazi pale ukumbini," anasema, akiikunja ncha ya kitenge chake.

Sasa anapanga kuwakusanya marefa wa Musoma, Bunda na Butiama kabla ya kila mashindano. Watatazama mechi moja, kila mtu aandike uamuzi wake peke yake, kisha walinganishe. Tayari saba wamekubali.

Saa nane, Kibara wanaingia. Roboti yao ina magurudumu ya kandambili. Inavuka mstari, inakwama. Clever anaficha mikono mgongoni na kuiacha hapohapo mpaka muda unaisha.

"Mama Refa, leo sijagusa."

"Nimeona. Adhabu, sifuri."

Eunice anachukua kalamu sikioni, anamtazama usoni.

"Adhabu, sifuri. Andika na wewe."