Punje ya mahindi: aliyemwangusha shangazi yangu kwenye uchaguzi ni mimi

Wakuu, salamu kutoka Singida, upepo ni uleule. Nitasema kweli tupu, maana uongo nimeshautumia wote.

Kura iliyomwangusha shangazi yangu ilikuwa yangu. Miaka mitatu nimekana.

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti, Ihanja. Mimi pia ni mwanachama, nina ekari mbili pale. Tulikuwa tunachagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Kila mtu anaona mgongo wa kila mtu.

Msomi mimi nikasimama. Nikaeleza kwamba neno kura lina asili ya Kiarabu, kwamba zamani watu walitupa vijiti ili Mungu achague, kwamba Wagiriki wa kale walitumia kokoto. Nikamalizia kwamba kura ya kweli ni ya siri.

"Siri ya nini, mwanangu?" akauliza Mama Salome, rafiki wa shangazi tangu usichana wao. "Kwani tunaiba?"

Walicheka, ila wakakubali.

Kwa kuwa si wote wanaosoma, tuliweka kibuyu nyuma ya ghala. Kila mmoja akapewa punje ya mahindi na mbegu ya alizeti. Mahindi ni shangazi, alizeti ni mpinzani wake. Unatumbukiza moja, nyingine unaondoka nayo.

Kulikuwa na baridi, shangazi akanivisha sweta lake.

"Utanipa?"

"Nitakupa, shangazi."

Sikumpa. Alikuwa na tabia ya kufunga ufunguo wa mashine kwenye pindo la khanga na kwenda nao msibani siku tatu, sisi na magunia yetu tunamsubiri. Sababu ninayo. Ujasiri wa kusimama mstari wa pili huku ananiangalia ndio sikuwa nao.

Akashindwa kwa kura moja.

"Ni Salome huyu," shangazi akasema. "Alikaa sana kwenye kibuyu."

Akanigeukia. Nikaapa kwamba nilimpa. Mama Salome akanuniwa mbele yangu, nami nikamrudishia shangazi sweta lake, nikapanda gari nikarudi mjini. Tangu hapo kila shangazi akipiga simu naulizia mvua, nakata.

Nilichojifunza: kura ya siri ipo ili mnyonge asiogope mwenye nguvu. Mimi niliipeleka kijijini kwa mhadhara, kisha nikawa wa kwanza kujificha nyuma yake na kumwachia mwenzangu lawama. Uwanja wenu, nipondeni, nastahili.

Hayo juu niliandika jana. Kabla ya kupost nikaona nimpigie kwanza.

"Shikamoo shangazi. Ile kura..."

"Marahaba. Punje yako ya mahindi niliikuta mfukoni nilipofua sweta. Wiki ileile."

"Na Mama Salome?"

"Nilimwomba radhi siku hiyohiyo. Huyu hapa, tunapepeta alizeti. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu. Salome, amepiga!"

Nikamsikia kwa mbali: "Muulize, Wagiriki wake hawajambo?"