Laptopu ya Vipande na Televisheni ya Mama Mkwe

Kwetu mpakani mwa Kenya na Uganda vitu vingi huvuka vikiwa vipande. Baiskeli niliyoikuta nilipoolewa ilikuwa na fremu ya Busia ya Kenya, magurudumu ya Tororo, na kiti kilichong'olewa sijui wapi, nayo ilibeba mahindi miaka yote bila kulalamika. Hata nyumba tunajenga hivyo, mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati. Kwa hiyo nilipoona laptopu nzima siiwezi, sikukata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba. Ningeinunua kipande kwa kipande.

Nilikuwa na haraka nayo. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nikabaki Masaba, upande wa Uganda, nyumbani kwa mama yake. Hakunitesa. Angenitesa ningekuwa na sababu ya kuondoka, na watu wangenielewa. Alinipenda mno, na kila nilipogusa kikapu alikuwa mlangoni. Lugha ya kwetu Mukuju ni Dhopadhola, yake ni Kisamia, hivyo tulikutana kwenye Kiswahili, chake kikiwa cha kuungaunga.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Sokoni, mama."

"Narudi saa ngapi?"

Nilifika mahali nikawa naaga hata nikienda chooni.

Ndipo rafiki niliyesoma naye akaniletea habari. Ofisi ya uchapaji mjini Tororo ilitaka mtu wa kuchapa, mradi aje na laptopu yake mwenyewe, na nyuma ya ofisi palikuwa na chumba cha kulala. Sikuwa nimekiona chumba hicho, lakini nilikuwa nimeshakipanga chote kichwani, kitanda huku, jiko kule, na ufunguo mfukoni mwangu.

Fundi wangu alikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya, bwana mmoja mcheshi mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Alinitafutia kwanza bodi, kile kibao cha ndani kinachobeba akili yote ya mashine. Baadaye akanipatia kasha la laptopu nyingine iliyokufa.

"Hii itaingia tu, madam. Tutaipanga."

Haikuingia. Matundu ya skrubu yalikuwa upande mmoja, ya kasha upande mwingine, na pale pa kuchomeka chaji palitazamana na ukuta wa plastiki. Tairi la baiskeli ni tairi, ukijua kipimo chake hulikosi. Hata kompyuta kubwa ya mezani unaweza kuiunda, maana sanduku lake lina nafasi na vipimo vyake vinafahamika. Laptopu ni nguo ya kushonesha. Kila kampuni hukata bodi ifuate kasha lake yenyewe, feni ikae pale tu, betri ijibane pale tu, na mwenzako hawezi kuivaa. Nilipopata kioo, waya wake ulikuwa na mdomo mwingine. Nilipopata betri, ilikuwa ndefu. Kila kipande nilichonunua kilinifunga kwa kingine nisichokuwa nacho, na hakuna aliyekubali kurudishiwa. Niliichukia ile bodi. Fundi naye nilimchukia, kwa uchangamfu wake.

"Usijali, madam," alisema siku ya mwisho. Alikuwa ameikaza bodi juu ya ubao, akaiunganisha na kibodi ya nje. "Inawaka. Haina kioo tu. Ukiichomeka kwa TV, mambo ni sawa."

Nilimpigia simu mwenye ofisi ya Tororo kumwuliza kama wana televisheni. Akacheka, akidhani ninamtania. Alipojua simtanii, aliniambia kwa upole kwamba meza zao ni ndogo, tena umeme wao hukatika, wanataka mashine yenye betri. Baadaye nikasikia wamempata mtu mwenye laptopu yake nzima.

Televisheni niliyoijua mimi ilikuwa moja, ya mama mkwe, iliyotundikwa ukutani sebuleni. Nikaubeba ubao wangu hadi pale, nikachomeka. Ikawaka kweli. Nikaandika jina langu, likatokea ukutani kubwa kama tangazo la mkutano, mashemeji wakaja kulitazama. Nilitaka kitu cha kunitoa katika nyumba ile, na kwa mikono yangu nikaunda kitu kisichoweza kutoka humo.

Mama mkwe ndiye aliyefurahi kuliko wote. Akasogeza kiti chake karibu na changu, akaenda jikoni, akarudi na chai, akaiweka mbali kidogo na waya.

"Mtoto yangu angeona hii," alisema, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa kazi yako nafanya hapa hapa. Hapa hakuna mtu nakufukuza."

Laiti angekuwepo hata mmoja wa kunifukuza. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikamwambia asante, mama.