Vidonge vya Mshonaji

Kila Ragnhild alipopeleka nguo kwenye duka la ushonaji, alimkuta mshonaji, mama wa miaka sabini na miwili, akimeza kitu: kijiko cha mafuta ya samaki, kidonge cha vitamini, kingine cha kuimarisha mifupa. Mikono iliyotunga uzi kwenye sindano bila yeye kutazama ilifungua chupa moja baada ya nyingine. Akishameza, alijishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo ya moyo, midomo ikichezacheza. Barabara ikiwa na barafu hakuivuka, asije akateleza. Alizunguka mtaa mzima.

Siku moja Ragnhild akamtania, "Mama wee, unataka kuishi milele?"

Mshonaji hakucheka. Alitazama nyuma ya pazia, ambako mwanawe Eilif, mtu mzima wa miaka arobaini na sita asiyeweza hata kufunga kamba za viatu, alikuwa akipanga vifungo kwa rangi huku akiimba.

"Milele ya nini?" alinong'ona. "Nataka niishi kumzidi huyu siku moja tu. Nimzike, basi." Maneno yake yalimshtua mwenyewe, akaziba mdomo.

Wimbo ulikatika. "Mama, umesemaje?"

"Nimesema tufunge duka twende tukale, baba," aliitikia kwa uchangamfu, na Ragnhild akashindwa kumtazama mshonaji usoni.