Kuonja Nako ni Kula

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Karatu mnatangaziwa kwamba tumbo la Penina Tluway limesalimu amri. Mizinga haikupigwa. Aliyewika ni jogoo wa kata ya Ganako, naye huwika kila siku.

Ni saa kumi na moja alfajiri. Penina, mpishi wa shule moja ya bweni, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nje ya jiko. Amemeza kidonge chake kwa maji, sasa anasubiri nusu saa ipite. Ndani, uji unatokota.

"Dada Penina, njoo uonje sukari!" anaita Raphaeli, mpishi mwenzake.

"Onja mwenyewe, ulimi unao!"

Mwaka jana vidonda vya tumbo vilimwangusha kando ya sufuria la makande. Mkuu wa shule akamwonya: akianguka tena, atahamishiwa kufagia uwanja. Kwa mwanamke ambaye makande yake huwasahaulisha wanafunzi kwao, hiyo ilikuwa hukumu ya kunyongwa.

Dawa ya kupunguza asidi alikuwa nayo, na aliambiwa aimeze asubuhi kabla ya kula. Alimeza bila kukosa. Tumbo likazidi kuwaka.

"Nikasema hii ni feki," anasimulia. "Nikarudi zahanati na hasira zangu zote."

Tabibu Lilian akamuuliza anameza saa ngapi.

"Saa mbili, kabla ya chai."

"Na kabla ya hapo unakula nini?"

"Sili kitu, daktari. Naonja tu."

"Unaonja nini?"

Uji, akasema. Mchuzi. Maharage. Kiazi kimoja, kuona kama kimeiva.

Lilian akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo ni karamu!"

Akamweleza kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikikitangulia chakula, kabla tumbo halijaanza kumwaga asidi. Na tumbo halijui kuonja. Linajua kula tu.

Tangu hapo kidonge hutangulia, ulimi hufuata. Moto ukapungua wiki baada ya wiki. Kwenye mahafali ya juzi Penina alipika pilau la shule nzima, akasimama wima mpaka sahani ya mwisho. Mkuu wa shule alirudi kuongezewa. Habari za ufagio zimekwisha.

"Nataka nifungue mgahawa wangu Karatu mjini," anasema, "madereva wa watalii wale makande mpaka wasahau watalii. Na mpishi wangu yeyote mwenye vidonda..."

Anakatiza, anamkazia macho mwandishi wa habari hii.

"Wewe, una nini mdomoni?"

"Naonja tu, mama."

"Hebu toa mikono mgongoni."

Mwandishi anakiri mbele ya wasomaji: lilikuwa andazi, lilikuwa la tatu, na alikuwa anakula.