Picha za Kijivu za Ukoo wa Mzee Kibwana

Ashrafu wa Misugusugu hutengeneza tovuti. Tuseme ukweli: hatengenezi kitu. Anapakua themu, yaani vazi la tovuti lililoshonwa na mwenzake, anabadilisha majina kwenye faili la mipangilio, kisha anajiita mhandisi.

Safari hii kazi ilikuwa ya bure na ya kutisha. Mzee Kibwana wa Kisarawe, baba yake Mwanajuma, binti anayetaka kumwoa, alimwambia: "Posa yako nitaijibu Jumamosi. Kwanza nitengenezee tovuti ya ukoo, tuone hicho kichwa kina nini."

Akachagua themu ya kisasa: picha zinakaa kijivu, ukipitisha kipanya juu yake zinapata rangi. Chini yake jina, mwaka wa kuzaliwa na kistari. Kwenye kompyuta ilipendeza. Alhamisi asubuhi akairusha hewani, akatuma kiungo kwenye kundi la ukoo.

Simu haina kipanya.

Saa nne Mwanajuma akapiga, anahema. "We Ashrafu, umefanya nini? Shangazi Biubwa kazimia, watu wanaleta viti! Umetangaza baba kafa!"

Ashrafu akafungua simu yake. Mzee Kibwana, kijivu tupu, 1951, kistari. Ilikosekana saa ya mazishi tu.

Akapanda bodaboda. Alikuta turubai limeshafungwa, na marehemu mwenyewe amekaa chini yake, kakunja mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Watu wa makaburini wana salamu yao. Madrasa hukwenda?"

"Mzee, ni mstari mmoja tu kwenye mipangilio..."

"Basi nifufue. Marehemu hajibu posa."

Ashrafu akafungua kompyuta, akafuta alama isiyofaa kufutwa. Tovuti nzima ikagoma.

"Sasa nimeoza kabisa," alisema mzee.

Ashrafu akairudisha alama, akageuza ule mstari, akarusha upya. Simu ya mzee bado kijivu: ilikuwa imeng'ang'ania ukurasa wa asubuhi. Waombolezaji wakasogea. Shangazi Biubwa, aliyekwisha kuzinduka, akaanza Yasini kwa tahadhari. Ashrafu akafuta kumbukumbu ya simu, akafumba macho, akafungua tena.

Mzee Kibwana akatokea na rangi zake zote, hadi wekundu wa tambuu mdomoni.

Mzee akajitazama kwenye simu. "Jumamosi, saa nne. Uje na mshenga."

"Kwa hiyo mzee, jibu ni...?"

"Nimesema uje na mshenga. Hiyo kompyuta iache kwenu."