Kumpisha Baba Mkwe

Sijawahi kukaa nikatulia. Hata leo, na duka langu la mbolea na mbegu pale Khayega na watoto wawili wa shule, nikingoja chai ichemke nazunguka meza. Kwa hiyo duka lilipovunjwa mara ya pili na nikapata kibali cha bastola, mume wangu aliogopa, na hakukosea. Alisema mimi na bastola hatutaiva chungu kimoja.

Mteja wangu mmoja, mama aliyestaafu upolisi, ndiye aliyeniambia kuna watu wanaoshindana kwa bastola upande wa Kabras, kwenye machimbo ya zamani ya changarawe katikati ya miwa. Yeye ndiye mwalimu wao. Unakimbia kutoka kituo hadi kituo, unapiga maboksi na sahani za chuma, na saa inakuhesabia. Niliposikia neno kukimbia nikajua mchezo wangu umenipata.

Kumbe mgeni hakimbii. Jumamosi tatu nzima nilifundishwa kusimama, kushika, kutembea, na kidole kukaa mbali na kifyatulio. Sheria kubwa ilikuwa moja: mdomo wa bastola unaelekea kwenye tuta la udongo mbele yako, daima. Ukiuachia upite mstari wa pembeni, hata kama risasi haikutoka, unaondolewa papo hapo, na samahani yako hairudishi kitu. Mwalimu alinitazama mimi aliposema hivyo.

"Nyinyi watu wa haraka mnageukanga kabla ya kufikiria," akasema.

Nilinuna siku nzima.

Kisha ukaja mtihani. Anayepita anaandikishwa kushindana Kisumu. Anayeanguka anapewa Jumamosi moja zaidi, na akianguka tena anangoja darasa la mwaka ujao. Mwaka mzima, mimi huyu.

Nilifika kabla ya kila mtu. Nikafungua begi, nikafunga, nikafungua. Zamu yangu ilipofika na saa ikalia, mwili ulijua kazi yake. Boksi la kwanza, la pili, sahani mbili chini. Nilikuwa naelekea kituo cha tatu, na moyoni tayari niko Kisumu, niliposikia kikohozi nyuma ya kamba ya watazamaji.

Kikohozi kile nakijua. Kilikuwa cha baba mkwe. Mume wangu, ambaye woga wake ulikuwa umegeuka kuwa majivuno, alikuwa amemwalika bila kuniambia.

Kwetu mkaza mwana hampi baba mkwe mkono, hamkazii macho, na akimkuta njiani humpisha: anasogea kando na kugeuza bega. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja, kwenye vichochoro vya soko na mlangoni pa kanisa. Siku ile nilikuwa nimevaa suruali, na aibu yake pekee ilitosha. Nikasogea kando. Nikageuza bega, na mkono wenye bastola ukalifuata bega.

"Simama!"

Mwalimu alinishika mkono, akasimamia nikitoa risasi moja moja, akanionyesha kwa kidevu njia ya kutoka. Nilikwenda nyuma ya magari nikalia kwa hasira. Nilimchukia mume wangu na suruali yangu. Mzee mwenyewe sikuweza kumchukia, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye mwalimu alinifuata. Nilipomweleza hakucheka, maana yeye pia ni mkaza mwana wa watu.

"Adabu yako nzuri," akasema, "lakini hapo ndani itaua mtu. Jumamosi mzee arudi. Na asikohoe tu. Akusalimie."

Wiki ile nyumbani Amalemba hapakukalika. Nilitembea sebuleni mikono mitupu nimeinyoosha mbele, watoto wakinifuata nyuma wakikohoa kama babu yao hadi koo zikawauma. Nusu ya mara niligeuka. Dukani nilimpa mteja mbegu za sukumawiki badala ya kunde.

Jumamosi saa ikalia, nikakimbia. Kituo cha tatu, sauti ikaja nyuma yangu, taratibu, ya mtu aliyeamua:

"Mulembe, mama."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanza yeye kunisalimia. Shingo ilinivuta. Bega lilinivuta. Nilimwacha mzee wa watu na salamu yake mkononi, nikaangusha sahani zote tatu macho yangu yakiwa kwenye tuta. Nikaonyesha bastola tupu. Mwalimu akaandika jina langu kwenye orodha ya Kisumu, na badala ya kufurahi nikajiona mtu mbaya.

Nilikwenda kwenye kamba nikasimama kando, kichwa chini. Baba mkwe hakuniangalia. Alimgeukia mume wangu.

"Mwambie bibi yako nimemsalimia na hakuitika."

Mimi nikatamani ardhi inipokee.

"Mwambie," mzee akaendelea, "hata huko Kisumu nikimsalimia, asiitike."

Nikalia mbele yake, jambo ambalo nalo kwetu halifanywi.