Sufu Fupi Niliyomwekea Njoroge

Kosa ni langu peke yangu. Ninaliandika polepole kwa sababu shule niliiachia darasa la saba, na kwa sababu kulisema kwa mdomo nimeshindwa.

Nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya sufu huku Waithaka. Sisi vijana tulikuwa tukisokota uzi, na Mama Nafula akiufuma kuwa blanketi. Mama huyo ndiye aliyenitafutia kazi nilipotoka Bungoma, na kila mchana alinigawia chakula chake.

Kando yangu alikaa Njoroge, msokotaji mwenzangu. Mimi ni mtu wa haya, maneno hunikwama. Siku moja mteja mmoja kutoka Kilimani aliniuliza jambo. Kabla sijafungua kinywa, Njoroge akamwambia, "Huyu, madamu, ukitaka jibu urudi Ijumaa."

Karakana yote ilicheka, na mteja pia. Tangu siku hiyo jina langu likawa Ijumaa.

Nikaapa nitamlipa. Kondoo akinyolewa vibaya, mkasi hurudi mara ya pili na kutoa sufu fupi kama ukucha. Hiyo hatuisokoti, tunajazia mito. Njoroge alipotoka kunywa chai, niliichanganya kwenye sufu yake, nikaichana vizuri ionekane moja. Nilitaka uzi umkatikie mkononi, watu wamcheke, msimamizi amfukuze. Nilifurahi, nisikudanganye!

Haukukatika. Njoroge husokota kwa kukaza sana, na uzi uliokazwa hushikilia hata sufu fupi kwa muda. Alisokota yote huku akipiga mluzi. Hapo ningeweza bado kusema. Nilinyamaza nikingoja aibu yake.

Ulikatika kwa Mama Nafula. Alipoutanda na kuuvuta kwenye mtambo wake wa kufumia, nyuzi zikaanza kuachia. Akiunga hapa, kunakatika pale. Blanketi la mteja likaharibika. Msimamizi alipoutazama uzi aliuona mnene na mzuri, akaamua kwamba mikono ya mama ndiyo iliyochoka. Akamwambia asirudi tena.

Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe unaijua kazi yangu. Mwambie."

Nilitazama chini. Siku hiyo maneno hayakunikwama, yalikuwepo yote. Niliogopa tu kufukuzwa mimi.

Alijifunga leso akaenda. Nasikia anafua nguo za watu huko Kangemi. Mtambo wake akapewa nani? Njoroge!

Bado namchukia, sikufichi. Lakini wewe unayesoma, mtu akikudhalilisha mfuate yeye mwenyewe, mgombane uso kwa uso, hata kwa kugugumia. Usimtegee kitu ambacho lazima kipite mikononi mwa wengine. Mimi sasa ndiye ninayemsokotea Njoroge uzi, na kila jioni nafagia mahali mama alipokuwa akikaa.